Prosesa ya Marehemu Bwana Taa

Mimi nilikuwepo. Naanza na hilo kabisa, maana mtaani wamejaa watu wanaoisimulia habari hii na siku yenyewe walikuwa wamelala makwao midomo wazi, nzi wanaingia na kutoka kama wapangaji. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya studio nasubiri kupigwa picha ya pasipoti, na macho yangu haya yanaona sindano ikianguka nyumba ya nne. Asiyetaka kuamini asiamini, ila asinikatize.

Palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta aliyejiita Injinia. Nasema aliyejiita, kwa sababu jina lile hakupewa na mtu. Na dharau zake! Zingepimwa kwa kilo, mzani ungeomba likizo. Ukimpelekea simu iliyoharibika, anaiangalia simu, anakuangalia wewe, halafu anacheka kwa pua, kama vile kati yenu ameshajua kibovu ni kipi. Kwake yeye dunia nzima ilikuwa zizi la mazuzu, na yeye ndiye mwenye ufunguo wa zizi.

Basi asubuhi hiyo, jua limewaka, watu wanaanika nguo, Injinia akawa anakwenda kwa shemeji yake. Shemeji mwenyewe ni dada mkubwa wa mkewe, mjane. Mumewe tulizoea kumwita Bwana Taa, kwa jinsi alivyokuwa akihangaika kuipanga taa kabla hajapiga picha. Ukiingia studio kijana unatoka na mvi. Alipofariki alimwachia mkewe chumba kile kimoja, kamera, na kompyuta ya kutengenezea video za harusi. Mwanamke akajifunza kazi, akaendelea. Lakini kompyuta ilikuwa nzito kama punda aliyenuna. Wateja wakahama. Ikafika mahali mwenye chumba anakuja na wauza magodoro wa kukipima kwa hatua, mjane yumo ndani, hata hodi hapigi.

Ndipo Injinia akaitwa, na siku iliyotangulia alikuwa ameiwekea mashine prosesa mpya. Kwa wale ambao hata redio inawapiga chenga: prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ni kijibati cha mraba, kama biskuti ndogo, na chini yake kina vidoti vya dhahabu vimejipanga mistari kwa mistari.

"Na hii uliyoitoa, shemeji?" mjane alimuuliza.

"Hiyo imekufa. Takataka."

Akaitia kwenye mfuko wa shati.

Imekufa wapi! Ilikuwa nzima kama fahali. Injinia alishaitengea nafasi kwenye kompyuta yake ya nyumbani, akachezee gemu la mpira. Mafundi wana sheria yao, kwamba kifaa kilichotolewa ni cha fundi. Sheria nzuri tu. Lakini sheria hiyo inasema kifaa kibovu, na yeye neno la mwisho alilimeza bila maji.

Sasa asubuhi hii mjane alikuwa amempigia simu. Injinia akaingia studio na shati lake lile lile la jana, maana la kazi alikuwa nalo moja, anajikuna kifua.

"Shemeji, mashine ina homa," mjane akasema.

"Mashine haina homa, shemeji. Homa unayo wewe. Mashine ina joto."

"Haya, ina joto. Nikianza kutoa video, inapiga kelele halafu inazima. Tangu alfajiri. Na mama wa bibi harusi anakuja leo baada ya chakula. Ameniambia asipoikuta, anachukua kila kitu anapeleka studio ya kule juu. Huyo ndiye aliyebaki, shemeji. Akiondoka huyo, wanaingiza magodoro humu."

"Magodoro siyo mabaya. Angalau watu watalala vizuri."

Akacheka peke yake. Akavuta kiti cha marehemu, akakaa, akapandisha miguu juu ya meza ndogo kama bwana mkubwa. Akafungua programu ya kupima joto, namba zikatokea kwenye kona ya skrini. Akaibonyeza video ianze kutoka. Namba zikapanda. Sitini. Sabini na kitu. Feni ikaanza kulia. Tisini. Puu! Skrini nyeusi.

"Vumbi," Injinia akatangaza. Akafungua kava, akapuliza. Vumbi lilikuwa dogo, labda la kumpaka kunguni. Akawasha. Ikapanda, ikazima.

"Feni," akasema. Akaitazama feni, inazunguka vizuri, ingeweza kuezua paa. Ikapanda, ikazima.

"Basi ni dawa."

Mjane akashtuka. "Dawa ya nani?"

"Lo! Ya dukani, shemeji! Usianze mambo yako ya kishamba." Akatoa kibomba kidogo chenye uji wa kijivu. "Hii inapakwa katikati ya prosesa na chuma cha kupoozea, joto lipite. Mafundi tunaiita dawa. Haina tunguri."

Akang'oa chuma, akafuta dawa ya jana, akapaka mpya, akarudisha chuma na kukaza skrubu kona kwa kona. Kazi safi, simnyimi. Akawasha huku ananiangalia mimi kwenye benchi, nione mtu aliyesoma anavyofanya.

Namba zikapanda kuliko mwanzo.

Injinia akajikuna kifua, akasema amekula nini jana, kiungulia kinamsumbua. Akanyoosha kidole akakigusa chuma cha kupoozea, ambacho kwa namba zile kilipaswa kumkaanga. Akakiacha kidole pale. Akakiacha tena kidogo.

Chuma kilikuwa baridi.

"Kipimo kinadanganya," akasema. Lakini alisema taratibu.

"Kompyuta nayo inadanganya?"

"Imejifunza kwako."

Mjane alikuwa anaitazama mashine kama mtu anayemtazama mgonjwa wa nyumbani. "Mwenzangu alikuwa anaiwekea mkono," akasema. "Ikifanya kazi nzito anaiwekea mkono pale juu, anaiambia pole mzee, tumalize hii tukapumzike. Ilikuwa haizimi."

Injinia akacheka mpaka akashika mbavu. "Mumeo! Mumeo alikuwa fundi gani? Alikuwa anakata video kama anachinja kuku kwa kijiko. Hata hiyo mashine nashangaa haikujinyonga. Pole mzee! Mjinga anampa pole mjinga mwenzake."

Mimi nilikuwepo. Nilisikia feni ikibadilika. Haikuongeza kasi. Ilishuka. Ikawa inavuma pole pole, inakata, inavuma, inakata. Kama mtu anavuta pumzi akiwa karibu yako.

Na video ilikuwa haitoki tena, Injinia alishaizuia. Mashine ilikuwa imekaa bure. Lakini namba zilikuwa zinapanda.

Tisini na tano.

"Zima, shemeji," mjane akanong'ona.

Injinia akabonyeza kuzima. Haikuzima. Ile iliyokuwa inazima asubuhi nzima, sasa haitaki kuzima.

Mia.

Akachomoa waya ukutani. Wallahi niliona waya uko mkononi mwake, ncha zote zinaning'inia. Skrini nayo ilikuwa kwenye waya ule ule, lakini ikabaki inawaka. Mia na ishirini.

Akagusa chuma. Kilikuwa kimetoa jasho, baridi kama mtungi.

"Joto liko wapi?" akasema. Feni ilikuwa inapumua. Mia na hamsini. Akainama, akasogeza sikio kwenye mashine, labda asikie kama kuna kitu kinachochemka. Namba zikaruka. Akarudi nyuma, zikashuka kidogo. Akasogea tena. Zikaruka.

Yeye akisogea, zinapanda.

Ndipo ikaja harufu. Harufu ya kitambaa kinachoungua. Injinia akanusa mashine. Siyo. Akanusa soketi. Siyo. Anageuka huku na huku, pua mbele, kama paka aliyeibiwa.

"Shemeji," mjane akanong'ona. "Shati lako."

Akatazama chini. Mfuko ulikuwa unafuka moshi.

Huyo ndiye Injinia wenu. Alilia mama, na mama yake mwenyewe alikuwa hamsalimii. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa mbio. Akaingiza tena. Kimeganda. Alikivuta kikatoka na kipande cha shati na kipande cha ngozi, akakirusha sakafuni. Kijibati cha mraba. Hakina waya. Hakina umeme. Sakafu ikafanya chwii.



Mjane akainama. Nilitaka kumzuia, akaniwahi. Akakiokota kwa vidole vitupu, akakiweka kwenye kiganja.

"Mbona kimepoa?" akasema.

Kwenye skrini, namba zikaanza kushuka. Tisini. Sitini. Arobaini. Alipokifunika kwa mkono wa pili, feni ikatulia.

Akakigeuza, akakitambua. Akamwangalia shemeji yake muda mrefu. Sijawahi kuona mtu anaangaliwa vile. Mimi ningeangaliwa hivyo ningehama mji.

"Hiki si ulisema kimekufa?"

Injinia akaziba tundu la shati kwa mkono.

"Mtu anafiwa na mume," mjane akasema, bado kwa sauti ya chini, "anabakiwa na mashine. Wewe unaingia na bisibisi, unamkwapulia na ubongo wake. Ukacheze nao mpira."

"Nani kakuambia mambo ya mpira?" Injinia akauliza.

Mjane akatazama skrini, akatazama kijibati, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa, mimi sikusema. Hakuna aliyekuwa amesema.

"Kirudishe," akamwambia.

Akakirudisha. Dawa alijipaka mpaka nyusi. Waya ukarudi ukutani, video ikaanza kutoka. Iliwahi? Iliwahi bwana, na mashine nzee ile ile, haikukohoa hata mara moja. Mama wa bibi harusi alikuja akainama mbele ya skrini, akalia, akafuta macho kwa kitambaa, akaondoka na video yake. Kesho yake akamleta dada yake mwenye harusi nyingine. Magodoro yakatafuta chumba kingine. Ile prosesa mpya mjane aliitupia kwenye kopo la misumari, iko mle mpaka leo, haina habari na mtu.

Injinia ndiye aliyebaki na habari. Kifuani upande wa moyo ana alama ya mraba, kama biskuti ndogo, na ndani yake vidoti mistari kwa mistari, kila kimoja mahali pake. Ameipeleka hospitali tatu. Daktari mmoja akamuuliza amechorwa wapi, ni kazi nzuri. Haiponi na haiongezeki. Mkewe anasema mashine ya dada ikifanya kazi nzito, mumewe anavua shati popote alipo, hata kanisani, anajipepea. Na anajiwekea mkono pale pale, anasema pole mzee. Ukimuuliza anamwambia nani, anakasirika.

Sasa nyie mnaocheka, hebu ngojeni. Kuna kitu kimoja nimekitunga, na nitakisema, maana uongo wangu mwingine wote ni wa kuongeza chumvi tu, lakini huu ni wa kuongeza nyama.

Lile shati halikuwa na mfuko.

Prosesa ya marehemu haikuwepo studio asubuhi ile, wala sakafu haikufanya chwii. Injinia alishaifunga jana yake usiku kwenye kompyuta yake, nyumbani, mtaa wa pili, mlango ameufunga kwa kufuli. Aliungua akiwa amesimama pale mbele yangu, kifuani hana kitu, kisha ikabidi akimbie kuifuata huku shati linafuka, nami nikakimbia naye nikashuhudia anaifungua, baridi, ndipo tukamletea mjane. Mara ya kwanza nilipoisimulia hivyo, mliniita mwongo mkubwa. Nikaongeza mfuko, mkaniamini.

Mfuko nimeushona mimi, ili mpate mahali pa kuuweka ule moto.