Waliobaki Nje ya Lango

Mjomba wangu Alden Pruitt alikuwa seremala, na lango la ngome ya Cutler's Ford alilitengeneza yeye. Haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na mikono yangu hii ilihusika.

Mji wetu huo ni mdogo, uko bondeni kando ya mto, jimboni Massachusetts, Marekani. Kila Oktoba tunaadhimisha siku ambayo Kapteni Gaylord na wanamgambo wake thelathini waliwazuia Wafaransa na washirika wao Waabenaki, wenyeji wa asili wa nchi ile, mwaka 1746, tulipokuwa bado chini ya mfalme wa Uingereza. Shule yetu ina jina lake. Mwaka ninaousimulia, kamati ya sherehe iliamua kuijenga upya ngome yake ya magogo, palepale ilipokuwa.

Akitafuta vipimo vya lango kwenye makaratasi ya kanisa, mjomba akakuta barua ya mwanamgambo mmoja. Ilisema siku ile watu kumi na mmoja, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa bado wanavuka mto wakikimbilia ngomeni. Kapteni akafunga lango. Wakagonga. Kapteni akaamuru walio ndani waimbe zaburi kwa nguvu ili wasiwasikie.

Mjomba akaipeleka barua kwa Bi. Stroud, mwenyekiti wa kamati.

"Alden, watu wanakuja kula na kufurahi," alimwambia. "Unataka tuwaandalie matanga?"

"Nataka watajwe tu."

"Watajwe kina nani? Hata barua yenyewe haina majina. Wewe randa mbao zako, bwana. Historia tuachie sisi."

Mjomba akarudi kwenye mbao zake. Akatengeneza lango.

Siku yenyewe ilikuwa na jua kali. Wiki tano mvua haijanyesha. Tulijaa ndani kama watu mia mbili. Saa sita mchana ngoma ikapigwa, wanaume waliovalia kama wanamgambo wakafunga lango na kulikomea kwa gogo, nasi tukaanza kuimba zaburi. Ratiba ilisema lango lisifunguliwe mpaka ubeti wa mwisho uishe.

Kwenye ubeti wa pili, mtu akagonga.

Tukacheka. Tulidhani ni sehemu ya maigizo. Kisha wakagonga wawili. Kisha wengi. Juu, katikati, na chini kabisa, kwenye kimo cha mtoto.

"Imbeni!" alisema Bi. Stroud. Tukaimba.

Mjomba akanishika mkono. Uso wake ulikuwa umesawajika.

"Verna yuko wapi?" akaninong'oneza.

Verna ni mkewe. Alikuwa amerudi nyumbani kuchukua pai za tufaha.

Hapo nami nikaisikia sauti yake, katikati ya kule kugonga kwa ngumi. Ndogo. Inatetemeka.

"Alden. Nifungulie. Hawa watu ni akina nani?"

Mjomba akalirukia gogo. Wanaume wanne wakamdaka. "Tulia, mzee, umebaki ubeti mmoja!" Mimi nilimng'ang'ania koti.

"Mjomba, unatutia aibu," nilimwambia.

Ubeti ukaisha. Kugonga kukakoma.

Lango likafunguliwa. Verna alikuwa ameketi chini, ameegemea nguzo, macho wazi. Hakuwa hai. Daktari alisema ni moyo. Kwenye vumbi hapakuwa na nyayo zozote ila zake. Lakini alikuwa amefunikwa blanketi zito la sufu, la kufumwa kwa mkono, limezungushwa mabegani taratibu, kama afunikwavyo mgonjwa. Lilikuwa linachuruzika maji.

Wiki iliyofuata Bi. Stroud alikuja kuliomba blanketi lile kwa ajili ya makumbusho. Mjomba hakumkaribisha ndani.

"Walio nje walimfunika," alimwambia. "Nyinyi mliokuwa ndani mliimba."

Kisha akanitazama mimi. Tangu siku ile hajalitaja jina langu.

Sherehe zinaendelea. Mwaka jana Bi. Stroud alitunukiwa nishani kwa kuihifadhi historia yetu, na nilipiga makofi pamoja na wengine.

Blanketi limeanikwa nyuma ya nyumba ya mjomba. Hulipita kila asubuhi niendapo kazini. Ni miaka sita sasa, jua na upepo. Bado linadondosha maji.