Mkuki wa Chambo

Msawazo ilikuwa imecheza mechi milioni moja tangu asubuhi, na chai ya Tunu ilikuwa bado ya moto. Mashine hiyo, ndefu kama jokofu, ilijirushia dadu yenyewe, ikawapiganisha wachawi, majini na mashujaa, kisha ikapunguza makali ya silaha iliyoshinda mno na kuyaongeza kwenye ile iliyoonewa. Haikufuta madhara, iliyahamisha tu. Ndiyo maana wachezaji wa mchezo wa mezani wa Ngome ya Majini, kutoka Mtwara hadi makazi ya mwezini, waligombana mezani juu ya kila kitu isipokuwa silaha.

Tunu ndiye aliyezibuni silaha zote hizo. Leo hakuja kazini kubuni kitu. Alikuja kwa shari.

"Umewauzia wenye bandari Mkuki wa Chambo," alimwambia bosi wake, Likunja, bila hata salamu.

Mkuki huo aliubuni kwa ajili ya wahusika dhaifu. Ulimjeruhi adui kidogo tu, lakini yeyote aliyekwenda kumwinua majeruhi alipata pigo kubwa. Mezani watu waliupenda ajabu. Tabibu wa kundi alikufa huku mchezaji wake akitafuna kashata, wenzake wakamcheka, naye raundi iliyofuata akaja na mhusika mwingine. Tunu alijiuliza swali lile lile ambalo wabunifu wa michezo hujiuliza: je, mkuki unashinda nusu ya mechi? Ulishinda nusu. Akaupitisha.

Juzi, askarichuma, zile mashine zenye bunduki zinazolinda bandari, walimpiga mgomaji mmoja risasi ya mguu, wakasubiri. Mwajabu, dada yake Tunu, ni muuguzi. Alimkimbilia na mkoba wake wa dawa, nao wakamfyatulia yeye.

"Hospitali wamemkata mkono, Likunja. Wa kulia. Kuanzia hapa!"

"Pole sana, mdogo wangu. Lakini wenye bandari walitaka mfumo wa haki, usioua watu ovyo..."

"Haki? Unathubutu kuniambia haki?"

"Hesabu ni zako, Tunu. Mimi niliuza tu."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Hasira ilimpanda maradufu, na nusu yake sasa ilikuwa juu yake mwenyewe. Alimsukuma Likunja kando, akaketi mbele ya mashine. Askarichuma walipokea kanuni zao kutoka hapo, papo hapo zilipobadilika.

"Msawazo, ondoa pigo kwa anayesaidia."

"Nimeondoa," ilijibu kwa upole wake wa siku zote. "Ili mizani isivurugike, nimeliongeza kwa anayekimbia."

"Ondoa na hilo!"

"Nimeondoa. Nimeliongeza kwa aliyeanguka."

Tunu alipiga meza ngumi. Alitamani kuipasua ile sauti.

"Madhara haya lazima yakae mahali, Mbunifu," ilisema mashine. "Niyahamishie kwa nani?"

"Kwa mshika mkuki. Yote!"

"Acha ujinga!" Likunja alipiga kelele. "Zile mashine zitajiunguza zenyewe zikifyatua!" Alirukia waya wa umeme nyuma ya Msawazo, lakini alichelewa.

Mashine ilicheza tena mechi zake.

"Mizani imepatikana," ilisema. "Katika mechi zote, hakuna aliyeuchukua mkuki."

Likunja alijishika kichwa. Tunu hakusikia raha yoyote. Badiliko lenyewe lilikuwa la sentensi moja, na siku yoyote ya mwaka mzima uliopita angeweza kuitamka. Hakuitamka, kwa kuwa mezani hakuna aliyewahi kuumia kweli.