Krosi Iliyopakwa Grisi kwa Nje

Kila Jumamosi asubuhi, vyombo vikishaoshwa na ua ukishafagiliwa, Sisimizi alivaa ovaroli kuukuu la baba yake, akakunja mikono na miguu yake mpaka likamtosha, akaelekea gereji. Gereji yenyewe ilikuwa uani tu, chini ya paa la mabati, karibu na mlango wa jikoni. Mama alimsindikiza kwa maswali yale yale.

"Nywele umefunga?"

"Nimefunga, Mama."

"Magurudumu yamewekewa mawe?"

"Yamewekewa."

"Injini imezimwa?"

"Mama, ufunguo uko mfukoni mwa Baba!"

"Nauliza tu. Chini ya gari si kitandani."

Jina la Sisimizi alipewa na Mjomba, kwa sababu alipenya mahali ambapo watu wazima walikwama tumbo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi aliyokabidhiwa na Baba ilikuwa kupiga grisi gari la Mjomba.

Gari hilo lilikuwa refu ajabu. Mjomba alipeleka mizigo milimani, kwenye barabara za mawe na matope, kwa hiyo alimwomba Baba aliinue. Baba akafunga springi ndefu na matairi makubwa. Watoto wa mtaani wakaliita Ghorofa. Mama yeye alisema kwamba ukitaka kulipanda, uage kwanza watu wa chini.

"Sikiliza, fundi wangu," Baba alimwambia Sisimizi siku ile walipomaliza. "Hiki chuma kirefu ndicho propela. Kinatoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Hizi krosi za kwenye ncha zake ndizo viungo vyake, kama kiwiko chako. Gari likiinuliwa, propela inalala kwa mteremko mkali, na krosi zinakunjwa kuliko zilivyozoea. Ni kama mtu anayetembea kutwa amepinda shingo. Usipompa grisi, atalia."

Akamwonyesha. Unafuta kitundu cha grisi kwa kitambaa, unabana bomba la grisi hapo, unasukuma mpaka grisi nyeusi ya zamani itoke pande zote nne na mpya ifuate. Ikitoka pande tatu tu, hujamaliza.

Tatizo lilikuwa krosi moja tu, ile ya karibu na giaboksi. Kitundu chake kilikuwa kinatazama juu, bomba halikifikii. Ili ukipate, ilibidi utoke chini ya gari, uondoe mawe, umwite mtu alisukume gari kidogo ili propela izunguke, urudishe mawe, kisha utambae tena. Jumamosi ya kwanza Sisimizi alifanya hivyo vyote. Ya pili, mdogo wake alikuwa nje anamwita wakaruke kamba. Mdogo wake huyo, msichana mwenye maneno mengi, aliitwa Redio.

Sisimizi akachota grisi kwa kidole, akaipaka krosi kwa nje, vizuri, mpaka ikang'aa. Redio alikuwa amechungulia chini ya gari.

"Ndivyo inavyofanywa?"

"Wewe unajua nini? Shika kamba."

Baba akaja, akainama na tochi, akaona grisi. "Safi sana, fundi wangu."

Neno hilo lilimchoma Sisimizi kidogo. Jumamosi iliyofuata halikumchoma sana. Baadaye halikumchoma kabisa, na Ghorofa likaendelea kupanda na kushuka milima, likipita kwenye maji na matope, krosi ile ikiwa kavu ndani.

Asubuhi moja simu ikalia. Mama aliisikiliza, mwiko ukamponyoka, akaanza kucheza pale pale jikoni. Dada yao mkubwa, aliyeolewa huko milimani, alikuwa amejifungua salama! Akishapata nguvu, alitaka kuja kupumzika kwa mama yake. Na barabara ile, gari la kuipanda lilikuwa Ghorofa tu.

Siku ya kumfuata, walikwenda wote. Walianza kuimba kabla hawajatoka mtaani. Mjomba alikuwa kwenye usukani, Baba pembeni yake, Mama na wasichana nyuma, katikati ya vikapu na mito. Lakini kila gari liliposimama na kuondoka tena, chini yake kilisikika kitu: kling!

"Ghorofa naye anashangilia mtoto," Mjomba akasema.

Kwenye mlima mkali, sakafu ikaanza kutetemeka. Sisimizi aliusikia mtetemo huo kwenye nyayo zake. Baba akageuza shingo.

"Shemeji, unasikia?"

"Mzigo huo. Dada yangu amebeba nusu ya jiko."

"Labda. Maana krosi zote nilizikagua mwenyewe, zina grisi."

Redio akamsogelea Sisimizi sikioni. "Ile uliyoipaka?"

"Nyamaza."

"Mimi nimenyamaza. Krosi ndiyo inayosema."

Sisimizi hakuimba tena. Alijiambia kwamba wakifika salama mambo yatakuwa yamekwisha, maana nani atajua?

Wakafika. Dada alikuwa mlangoni na kifurushi kidogo cheupe kama mkate, na ndani ya kifurushi mlikuwa na uso uliokunjamana kama wa mzee mwenye hasira. Mama alilia, akacheka, akalia tena. Mjomba alisema mtoto amefanana naye, na Dada akamwomba asimwanzie mtoto matatizo mapema. Walikula, wakapumzika, kisha wakaanza kupakia kwa safari ya kushuka.

Hapo Mama akaanza maswali.

"Funga dirisha hilo, upepo utampiga mtoto! Huo mto umekaa vizuri? Kaka, breki zikoje?"

"Nzima, dada."

"Mafuta?"

"Yapo."

"Na huko chini ya gari, nani alikagua?"

"Mimi na fundi wangu," Baba akajibu, akamtazama Sisimizi kwa fahari.

Dada alikuwa ameshainua mguu apande, mtoto kifuani. Mjomba akashika ufunguo.

"Mjomba, usiliwashe!" Sisimizi akapiga kelele.

Wote wakageuka.

"Krosi ya kwenye giaboksi sijaipiga grisi. Nilikuwa naipaka nje tu. Niliipiga mara moja, gari lilipoinuliwa, basi." Machozi yalimtoka. "Baba, ulipokuwa unasema safi, haikuwa safi."

Baba alivua shati lake la kutokea, akatambaa chini. Wakamsikia anaishika propela na kuitikisa. Ka-ka, ka-ka.

"Njoo uone," akaita.

Pembeni mwa krosi palikuwa na vumbi jekundu kama tofali lililosagwa. "Ndani yake mlikuwa na vyuma vyembamba kama sindano," Baba akasema. "Sasa ni huu unga. Ingekatika kwenye mteremko, propela ingeanguka ikizunguka, ikapiga tumbo la gari, labda ikakata bomba la breki."

Mama aliyasikia hayo. Akamchukua mtoto kwa Dada, akaketi kizingitini, akamkumbatia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na swali.

Bahati nzuri Baba hakusafiri na gari refu bila krosi ya akiba. "Nani anaifunga?" akauliza.

"Mimi na wewe, Baba."

Mchana huo wakafanya kazi hiyo. Wakaweka mawe, wakafungua propela, wakaigonga krosi ya zamani mpaka ikatoka. Sisimizi akafuta kila kona kwa kitambaa, akampa Baba krosi mpya, wakairudisha propela pamoja. Kitundu cha grisi kikatazama juu tena. Safari hii Sisimizi alitoka chini bila kuambiwa, akaomba gari lisukumwe.

"Kumbe Ghorofa hakuwa anashangilia," Mjomba akahema, bega lake likiwa kwenye bodi. "Alikuwa anaomba msaada, nasi tunamwimbia!"

Hata Mama akacheka.

Sisimizi akasukuma bomba. Grisi ikatoka upande mmoja, wa pili, wa tatu. Wa nne ukagoma. Akaitikisa propela, akasukuma tena, mikono ikimuuma, mpaka ikachomoza. Kisha akampa Baba tochi.

"Kagua, Baba. Usitazame tu. Tikisa."

Baba akatikisa. Propela ikatulia kimya.

Walishuka mlima polepole. Hapakuwa na kling wala mtetemo, na mtoto alilala njia nzima.

Nyumbani, Sisimizi alisimama mlangoni mwa chumba, akingoja adhabu. Baba akamwambia, "Kazi sikunyang'anyi. Lakini kuanzia sasa nitatikisa kila krosi mbele yako, mpaka nikuamini tena. Itachukua muda."

"Ndiyo, Baba."

Mama alikuwa amempakata mtoto. "Mimi naogopa mengi, mwanangu," akasema. "Upepo, matope, mawe. Hayo yote naweza kuyauliza. Ulilolificha siwezi kuliuliza, kwa sababu sijui kama lipo. Kazi ikikushinda, sema imenishinda, mtu atakuja kuimalizia na wewe. Ukiipaka nje ionekane imekwisha, unatuweka hatarini sote, na sisi tunaimba. Leo umesema, ingawa ulikuwa unaogopa. Ndiyo maana mtoto huyu amelala hapa."

Akamwangalia binti yake kuanzia kichwani mpaka miguuni, akatabasamu.

"Haya, njoo umpokee, mikono yangu imechoka. Lakini kanawe kwanza. Mpaka kwenye viwiko."