Mwanzi wa Makaburini

Picha ya televisheni ilikuja kabla waya wa antena haujaungwa. Mofazzel alikuwa juu ya bati, waya kaung'ata kwa meno kama mbuzi aliyeiba kamba ya nguo, ndipo sauti ya bintiye Moyna ikapanda kutoka ndani: "Imekuja, Baba."

"Imekuja kwa miguu?"

Uani mkewe, Rahela, alikuwa akipepeta mchele na kuvililia vifuniko vyake vitatu vya sufuria, alivyovifunga mumewe kwenye antena ili inase vizuri. "Baba Moyna, wali leo nifunike na kichwa chako?"

"Kina matundu, mama. Mvuke utatoka."

Mwanzi wenyewe, mlingoti wa antena, aliuokota makaburini, ng'ambo ya bwawa. Kule kwao, kando ya mto Padma, maiti hufunikwa kwa mianzi kabla ya udongo, na inayosalia huachwa hapohapo ioze. Mofazzel aliona mmoja mrefu, mnyoofu, wa bure kama matangazo yenyewe. Akauburura nyumbani.

Akashuka aione filamu ya Ijumaa. Filamu haikuwepo. Kwenye kioo palikuwa na ua wao, umetazamwa kutoka juu, na Rahela anapepeta. Kivuli cha mwanzi kilimpita ubavuni, na kwenye ncha yake kuna kitu kimejikunja. Mofazzel akachomoa waya wa betri. Rahela wa kiooni akaendelea kupepeta. Chumba kikanuka karafuu maiti.

Munshi Kasem, mzee wa kuombea wagonjwa, alipoitwa aliishia mlangoni. Hakuvua hata viatu.

"Una mwenyewe huo mwanzi," alinong'ona. "Urudisheni kabla ya magharibi. Mkiitwa njiani, msiitike. Jini huita mara mbili, ya tatu hawezi. Ngojeni ya tatu."

"Na akiniita mke wangu? Huyo huita mara tisa."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Antena na vifuniko wakaviacha juu ya bati. Mwanzi aliouburura peke yake sasa uliwalemea watatu. Moyna wakamwacha kizingitini, maana mtoto hapelekwi makaburini saa hizo, wakazunguka bwawa huku munshi akisoma na maji yakiwa kimya kama yanasikiliza, mwanzi ukizidi uzito kila hatua kana kwamba kuna aliyeupanda, na walipoulaza tu juu ya kaburi, sauti ikavuka bwawa, nyembamba, ya kulia, sauti ya Moyna: "Baba!" na Rahela akafungua mdomo, na Mofazzel akauziba kwa kiganja, na sauti ikaja tena, "Baba!", naye akasimama, machozi ya mkewe yakimlowesha vidole, akingoja ya tatu.

Ya tatu haikuja.

"Alhamdulillahi," munshi akapumua. "Ndiye jini."

Walirudi mbio. Moyna alikuwa kizingitini, macho makavu.

"Nilikuita mara mbili, Baba. Mbona hukuitika?"

Mofazzel akakosa mzaha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. "Ulikuwa wewe?"

"Kulikuwa na mtu juu ya bati. Niliogopa. Basi akaniitikia yeye." Mtoto akafikiri kidogo. "Ana sauti yako."

Rahela akamkumbatia, na nywele za mwanawe zilinuka karafuu maiti.

Juu ya bati vifuniko vikagongana, polepole. Kisha sauti ya Mofazzel, naye Mofazzel kafumba mdomo, ikauliza kutoka huko: "Imekuja?"

Moyna akainua uso kutoka kifuani mwa mama yake.

"Imekuja, Baba."