Mayu Apolonia Alifanya Nini?

Kila jioni baada ya kutoka shuleni, Minza alivua sare, akala michembe ya viazi vitamu iliyobaki mchana, kisha akachukua gunia na kumfuata baba yake shambani kuchuma pamba. Ulikuwa msimu wa pili tangu makampuni binafsi yaanze kununua pamba pale Sapiwi. Kila mtu alichuma kwa haraka, kwa sababu wanunuzi wale walikuja na kuondoka walivyotaka wenyewe.

Jioni moja wakiwa wanachuma, ng'ombe wa jirani yao, Mzee Mboje, waliingia katika pamba. Shija, baba yake Minza, akawafukuza kwa mawe huku akifoka. Salu, kijana wa Mzee Mboje aliyekuwa akichunga, akaja mbio. Walitukanana, na mwishowe Salu akampiga Shija fimbo ya kichwa. Shija akaanguka chini, hajitambui. Kusikia kelele, watu wa kaya ya Mboje wakatoka wote: mzee mwenyewe, mkewe, na mkwe wao Apolonia akiwa na mtoto mgongoni.

Shija alishonwa hospitali, Bariadi. Alipopata nguvu alimwuliza binti yake ni akina nani waliokuwepo pale shambani.

"Walikuwepo wote, baba," Minza akajibu.

Baba yake hakuuliza zaidi, naye Minza hakuongeza neno. Alikuwa ameitazama ile bandeji kichwani mwa baba yake mpaka moyo ukamchemka, akaona heri kaya ile nzima iadhibiwe.

Basi Shija akaenda Mahakama ya Mwanzo akawashtaki wote wanne kwamba walimshambulia. Habari zikaenea. Kisimani wanawake waliacha kuzungumza na Apolonia. Mumewe, kaka yake Salu, alikuwa machimboni Geita, na kila Apolonia alipoitwa mahakamani, pamba yake ilibaki shambani bila mchumaji. Minza, ambaye zamani alimwita Mayu, yaani mama, na kusaidiwa naye kujitwisha ndoo, sasa alijificha nyuma ya minyaa mpaka apite.

Siku ya kesi, hakimu alimsikiliza Shija kwa utulivu, akaandika, kisha akainua macho na kumwelekezea kalamu Apolonia.

"Salu umesema alikupiga kwa fimbo. Hilo nimelielewa. Huyu mama alifanya nini?"

"Alikuwepo, mheshimiwa. Hao wote ni kaya moja. Binti yangu aliwaona."

"Sikuuliza alikuwa wapi. Nimeuliza alifanya nini."

Shija akarudia kwamba alikuwepo. Hakimu akamwuliza swali lilelile juu ya wale wazee wawili, Mboje na mkewe, na jibu likawa lilelile. Akaahirisha kesi kwa wiki moja, akamwonya Shija kwamba kama hataeleza kosa la kila mmoja, atayafuta mashtaka ya wale asiowaeleza.

Walipofika nyumbani Shija hakugusa chakula. Alimwita Minza, akamwambia kwamba atakwenda naye mahakamani kutoa ushahidi.

"Utasema ulimwona Apolonia ameshika fimbo," alisema.

Felisita, mama yake Minza, aliacha kuchambua pamba. Minza alitazama chini. Alimwogopa baba yake, lakini aliogopa zaidi kusimama mbele ya Apolonia na kuyatamka maneno yale.

"Baba, hakushika fimbo," akasema polepole. "Alishika kichwa chako. Alifungua kitenge alichombebea mtoto, akakufunga damu isiendelee kutoka. Ndiye aliyemtuma mtu kutafuta mkokoteni wa kukupeleka hospitali."

Shija akajishika kichwa pale aliposhonwa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mimi nilikuwa na hasira nao."

"Na wale wazee?"

"Walikuwa wakimzuia Salu."

Wiki ilipokwisha, Shija alisimama mahakamani akasema ana neno juu ya Salu tu. Juu ya wale wengine hana. Hakimu akayafuta mashtaka yao. Alieleza kwamba mahakama haimwiti mtu mkosaji kwa sababu ni shemeji au mzazi wa fulani. Lazima isemwe wazi yeye mwenyewe alitenda nini. Kesi ya Salu ikaendelea. Alikiri kosa, akaamriwa kulipa gharama za matibabu.

Kesho yake, Felisita na Minza walikwenda shambani kwa Apolonia kumsaidia kuchuma. Shija naye alikuja, akasimama mbali kidogo, akamwomba radhi kwa sauti ndogo, kisha akaingia kwenye mstari wake na kuanza kuchuma.

Minza alimsogelea Apolonia. "Mayu, nisamehe. Mimi sikusema uongo, lakini..."

Apolonia aliweka kikapu chini. Hakutabasamu, wala hakukasirika.

"Mwanangu, ulisema nilikuwepo, na kweli nilikuwepo. Lakini ulijua nilichofanya, ukakificha, na hicho kilitosha kunifikisha mahakamani na mtoto mgongoni. Ukweli uliokatwa katikati unaumiza sawasawa na uongo. Siku nyingine ukiulizwa nani alikuwepo, usiishie kwenye jina lake. Sema na alichokifanya. Kama hukuona alichofanya, sema hukuona."

Minza aliitikia kwa kichwa. Apolonia akamwonyesha mstari ambao haujaguswa, wakaanza kuchuma pamoja.