Onzima Asoma Habari za Nyuki

Onzima na mkewe Pasca waliishi Lobule, karibu na Koboko. Walilima muhogo na simsim, yaani ufuta. Onzima pia alifuga nyuki, kama baba yake.

Wakati wa kurina asali, Onzima aliwasha mwenge wa nyasi. Nyuki wengi waliungua. Waliobaki walihama. Ilipofika mwaka 1974, mzinga mmoja tu ulikuwa na nyuki.

Onzima alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Mwalimu wake, Mama Kaltumu, alimpa kitabu chembamba cha ufugaji wa nyuki. Jumapili moja aliketi akitaka kukimaliza chote. Macho yakamuuma, kichwa kikamuuma. Akakichomeka kwenye paa la nyasi, akakiacha huko. Herufi zikaanza kumtoka akilini.

Siku moja Mama Kaltumu alikuja kwa baiskeli kutafuta asali.

"Asali hakuna, Mwalimu," Pasca alimwambia. "Nyuki nakimbia sisi."

"Na kile kitabu?"

Onzima alitazama chini. "Kitabu iko juu kwa nyasi. Maneno ni mingi. Mimi nashindwa."

"Wewe unalima shamba lote siku moja?"

"Hapana. Nalima kidogo kidogo."

"Basi soma hivyo hivyo, Mzee. Kidogo, kila siku, wakati ule ule. Weka kitabu mahali unapokiona. Neno likiwa gumu, liwekee alama, endelea mbele. Ukimaliza, mwambie Pasca ulichosoma."

Tangu hapo, kila alipotoka shambani, Onzima alinawa mikono, akaketi karibu na Pasca aliyekuwa akimenya muhogo. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya maneno. Siku nyingine alisoma nusu ukurasa tu. Kulipokuwa na msiba kwa jirani, hakusoma kabisa. Aliporudi, aliendelea.

Jioni moja aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Pasca! Maneno nakuja yenyewe!"

Kitabu kilisema moshi kidogo unatosha, moto unaua nyuki. Kilisema mfugaji awaachie nyuki sehemu ya asali. Kisha Onzima akafika mahali pengine, akasoma polepole: "Nyuki akipata maua, hurudi mzingani. Hucheza juu ya sega, kuwaonyesha wenzake njia."

"Nyuki nacheza?" Pasca alicheka. "Uongo!"

Kesho yake walikwenda wote wawili kwenye ule mzinga. Onzima alipuliza moshi kidogo, akafungua kifuniko. Wakangoja.

Juu ya sega, nyuki mmoja alitikisa sehemu yake ya nyuma, akaenda mbele, akazunguka, akarudia. Wenzake walimfuata nyuma. Kisha wakaruka nje, mmoja mmoja, kuelekea kwenye simsim iliyotoa maua.

Pasca alishika mdomo. "Iko nacheza kweli," alinong'ona.

Onzima alisisimka mwili mzima. "Baba alifuga nyuki mpaka kufa," alisema. "Hii hakujua. Na karatasi ndogo hii iko najua!"

Msimu ule alirina kwa moshi, akawaachia nyuki chakula chao. Hawakuhama. Kundi jingine likaja likaingia katika mzinga mtupu. Mama Kaltumu akapata asali yake.

Jioni, Pasca aliweka kisu chini, akapangusa mikono, akasogea karibu na mumewe.

"Nionyeshe," alisema. "Neno la nyuki iko wapi?"

Onzima alimwonyesha. Pasca akaweka kidole chake hapo, akakiacha kwa muda mrefu.