Bunduki Iliyolala Alfajiri

Maiti ya Yaarub bin Nabhan ilionekana kabla jua halijatoka, Jumatatu moja ya mwezi wa Mfungo Mosi, Januari 1969, katika bonde la Ruwi, pale njia ya visimani inapokata mawe ya wadi, mto mkavu. Wa kwanza kuiona alikuwa Marhoon bin Suud, kijana aliyekimbia Unguja na mama yake baada ya mapinduzi. Wa pili alikuwa Masouda, aliyekuwa akienda kuteka maji. Na alichokiona Masouda ndicho kilichomtia Marhoon pingu: kijana amesimama juu ya mtu aliyekufa, bunduki mkononi.

Harub bin Nasor alifika saa mbili asubuhi. Huko Unguja alikuwa inspekta wa polisi. Hapa Maskati alikuwa mkalimani katika ofisi ya liwali wa Mutrah, na mambo ya damu yalipotokea liwali alimtuma yeye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuharakia hukumu.

Aliifunua maiti, akaitazama, akaifunika. Matundu matatu kifuani, yamekaribiana. Nyuma ya jiwe kubwa, hatua chache kutoka njiani, aliokota maganda matatu ya risasi. Yalikuwa yameangukia mahali pamoja, kiasi cha kufunikwa na kilemba kimoja. Aliyepiga hakusogea.

"Mlio ulikuwaje, mama?" alimuuliza Masouda.

"Pa-pa-pa. Hata bismillahi sikuwahi kuimaliza."

"Haukuwa mmoja, ukapita muda, kisha mwingine?"

"Mwanangu, kilichonifia mimi ni magoti. Masikio mazima."

Kwa bunduki ya kawaida, mtu hupiga, huvuta komeo kwa mkono, ndipo apige tena. Milio mitatu ya mfululizo ilitaka bunduki ya kujipakia yenyewe, zile watu walizoziita otomatiki. Katika bonde lile na Mutrah nzima zilikuwa tatu tu, za mzigo mmoja: mabaki ya vita, rahisi, zilizoingizwa na muuza silaha Bakhit. Moja alikuwa nayo Marhoon, moja Zahran, mtoto wa ndugu yake Yaarub, na moja alibaki nayo Bakhit mwenyewe.

Zahran alikuwa tayari amekaa kando ya maiti ya ami yake, mikono juu ya magoti. Yaarub hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mjane, Mahfoudha, na binti mmoja, Nasriya. Kwa hiyo walii wa damu alikuwa Zahran: akisamehe, muuaji atapona, akidai kisasi, atakufa.

"Mimi dia, fedha ya damu, siitaki," alisema Zahran polepole. "Nataka roho yake. Kadhi anakaa Alkhamisi. Usituchezee siku, Bwana Harub."

*

Bakhit alikutwa dukani kwake sokoni Mutrah, akichambua risasi kama mtu achambuaye mchele.

"Hizo otomatiki, Bwana Harub, ni punda wa kukodi. Siku usiyo na shida naye anakimbia. Siku una safari, analala njiani."

"Na bado ukawauzia watu."

"Niliwauzia punda, sikuwauzia farasi. Walipokuja kulalamika niliwaambia nirudishieni, nikupeni ya kuvuta kwa mkono, ya zamani lakini haisaliti. Marhoon alikubali, nilikuwa namngojea wiki hii."

"Na Zahran?"

"Zahran analalamika kushinda wote. Kila barazani anaitukana bunduki yake. Nikamwambia ilete basi. Hataki." Bakhit aliinua mabega. "Watu wengine wanapenda kulalamika kuliko kutengenezewa."

Yake mwenyewe ilikuwa ukutani, inang'aa. Harub aliivuta, mtambo ulikwenda na kurudi bila kukwama. Kwa muda alimtazama Bakhit kwa jicho jingine. Lakini Bakhit alilala ndani ya mji, na mlinzi wa lango la Mutrah aliapa kwamba alipofungua, jua lilikuwa limeshatoka na Yaarub ameshakufa. Hakuna aliyetoka kabla.

*

Marhoon alikuwa chumba cha chini ngomeni, pingu miguuni. Harub alikaa chini karibu naye.

"Watu wanasema kwenye harusi ya juzi ulimtishia Yaarub."

"Alinicheka mbele ya watu, ami. Tulikuwa tunamsindikiza bwana harusi alfajiri, watu wanapiga bunduki kwa furaha. Yangu ikatoa moja ikanyamaza. Yaarub akasema, 'Mpeni blanketi bunduki ya Marhoon, inaona baridi.' Watu wakavunjika mbavu. Nami nikamwambia, iko siku itakuamkia vizuri." Aliinamisha kichwa. "Maneno ya hasira. Mtu niliyekuwa nikimposea binti yake."

"Na leo? Bunduki yako ilikuwa inanuka baruti."

"Jana jioni nilipiga kwale, risasi mbili mfululizo. Waulize, watu waliniona. Leo nilikuwa nakwenda kuswali, bunduki begani kama kawaida, nikasikia milio, nikakimbilia huko."

"Kwale risasi mbili mfululizo. Na harusini ikatoa moja tu."

"Ndiyo tabia yake. Jioni haina kasoro. Asubuhi inatoa moja, mtambo unarudi nusu, basi, imelala. Naweka kitako chini, napiga kishikio kwa jiwe mpaka kifunguke. Nilidhani ni umande. Mtu mmoja alinambia ina shetani."

"Unaipaka nini?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

Marhoon alimtazama kama aliyeulizwa jina la mama yake. "Mafuta, ami. Ya pale nyumbani."

Harub aliiendea bunduki ile katika chumba cha walinzi. Kishikio cha komeo kilikuwa kimechubuka chote, weusi wake umetoka, chuma cheupe kimebaki na alama za jiwe juu ya alama za jiwe. Aliamuru isiguswe wala isifutwe.

Jumanne asubuhi alikwenda kwa Hamdiya, mama yake Marhoon. Alimkuta ameketi uani, kajifunika kanga mbili, macho mekundu. Pembeni yake, kwenye kipande cha jua, palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi. Mafuta ndani yake yalikuwa meupe kama nta.

"Hii umeiweka juani kwa nini, bibi?"

"Iyayuke, nipate kujipaka kichwani. Nchi gani hii, Bwana Harub? Kule kwetu mafuta ya nazi nnayajua tangu utoto, sijapata kuyaona yameganda. Huku ukilala ukiamka, unayachimba kwa kijiko." Aliisogeza chupa juani zaidi. "Nimezaa watoto watatu, nikafika huku na mmoja. Na huyo mmoja mnataka kuninyang'anya?"

 Harub aliitazama ile chupa mpaka jua likaifika shingoni.

*

Alasiri hiyo alimfuata Zahran nyumbani kwake. Zahran alizaliwa Ruwi. Kiswahili alikipata kwa ami yake, aliyefanya biashara Unguja ujanani.

"Nionyeshe bunduki yako."

"Takataka hii?" Zahran aliitupa juu ya mkeka. "Tangu niinunue haijapata kutoa risasi ya pili. Asubuhi, mchana, jioni, mamoja. Kila nikipiga moja, lazima niibamize kwa jiwe ndipo ifunguke. Ingekuwa mtu, ningemtaliki."

"Na kwa Bakhit hukuirudisha."

"Nani atamwamini Bakhit mara ya pili?"

Harub aliipokea kwa mikono miwili. Ilinuka mafuta ya injini, mepesi na machache, yaliyopakwa na mtu anayejua. Kishikio cha komeo kilikuwa cheusi tii, hakina hata mkwaruzo. Aliirudisha mkekani, akashukuru, akaondoka.

Nyumbani kwa marehemu alizungumza na Nasriya, yeye nyuma ya pazia na Harub nje.

"Baba alimkatalia Marhoon?"

"Mwanzo alikataa. Alisema binti ni wa mtoto wa ami yake, na mtoto wa ami akimtaka, hata siku ya harusi ana haki ya kumzuia." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyemaliza machozi. "Zahran alinitaka tangu mdogo. Mimi simtaki. Jumapili baada ya magharibi baba alimwambia mama, 'Fungua sanduku, toa vitambaa. Yule kijana nimemcheka mbele ya watu na hakuinua mkono. Huyo atamtunza mwanangu.' Marhoon mwenyewe hajui mpaka leo."

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakusikia mtu. Baba alitoka akaenda kumwambia Zahran uso kwa uso. Alisema ndiyo adabu."

*

Jumatano baada ya alasiri, barazani kwa liwali, Harub alieleza mbele ya wote. Alisema Marhoon anaipaka bunduki yake mafuta ya nazi, kama walivyozoea Unguja. Alisema mafuta hayo kwa baridi ya alfajiri hunata, na mtambo haurudi. Kwa hiyo aliomba otomatiki zote tatu zijaribiwe kesho alfajiri pale pale maiti ilipoonekana, mbele ya naibu wa liwali na kadhi.

"Lakini kipimo ni hiki," alimalizia. "Bunduki iliyomuua Yaarub ni ile itakayopiga tatu mfululizo kwenye baridi."

Alisema hivyo akitazama mkeka, hakumtazama mtu.

Alkhamisi alfajiri baridi iliwafanya watu wajikunyate. Bakhit alipiga wa kwanza: pa-pa-pa. Watu wakamgeukia. "Mimi nilikuwa nimefungiwa ndani ya lango," alisema haraka, "mlinzi yule pale." Mlinzi akaitikia.

Bunduki ya Marhoon ilitoka chumba cha walinzi kama ilivyoingia. Askari akaipiga. Ikatoa risasi moja. Mtambo ukarudi nusu, ukalala. Akabonyeza tena na tena. Kimya.

Zahran akapiga yake. Moja. Kimya.

"Mmeona?" alisema Zahran. "Ila hili halimtoi mtu hatiani. Iliyokwama leo huenda Jumatatu ilikuwa macho."

"Maneno ya haki," Harub alijibu. "Bwana naibu, naomba bunduki hizi mbili zilazwe juu ya jiwe lile, na sisi tukae."

"Tukae tungoje nini?"

"Jua."

Wakakaa. Kahawa ikaletwa, ikanywewa. Jua lilipanda juu ya mlima, likashuka bondeni, likalifikia jiwe. Ilipofika kama saa nne, chuma kilikuwa kimepata moto. Askari akaichukua ya Marhoon, akaufungua mtambo, akapakia, akapiga. Pa-pa-pa.

"Ndiyo iliyoua kwale Jumapili jioni," alisema Harub. "Alfajiri hulala, jua likipanda huamka. Sasa ya Zahran."

Zahran alisimama. "Yangu ni mbovu, nimekwambia. Haijui jua wala kivuli."

"Basi haitakudhuru kujaribiwa."

Askari akaufungua mtambo wake, akapiga. Pa-pa-pa. Akabonyeza tena, ikatoa ya nne, na ya tano, mpaka ikaisha.

 Harub aliichukua bunduki, akampelekea kadhi puani.

"Inanuka nini, shekhe?"

"Nazi," alisema kadhi.

"Jumanne ilinuka mafuta ya injini. Zahran, ulinambia haijapata kutoa risasi ya pili, wala jioni. Imetoa tano sasa hivi. Ulinambia kila mara unaibamiza kwa jiwe. Shekhe, tazama kishikio cha Marhoon, na utazame hiki. Hiki hakijaguswa na jiwe tangu kitoke kiwandani." Sauti yake haikupanda. "Tangu Marhoon aanze kuposa umeitukana barazani, ili siku ukiitumia tusije kuitazama. Bakhit akataka kukubadilishia, hukukubali, kwa kuwa hakuna mtu atoaye bunduki nzima kwa kuukuu. Jana ukasikia mafuta ya nazi hukwamisha, ukaipaka. Lakini wewe umekulia hapa, mafuta hayo huyajui. Ulidhani yakishanata yamenata. Mama yake Marhoon angekwambia: yanaganda kwa baridi, yanayayuka kwa jua."

"Kwa nini nimuue ami yangu?" Zahran aliuliza, lakini alikuwa ameshakaa chini.

"Jumapili baada ya magharibi alikuja kwako kukwambia jambo. Alfajiri yake akafa. Sema wewe."

Zahran aliokota kokoto, akaigeuza mkononi.

"Alikuja na tende," alisema. "Akala nami. Kisha akanambia binti nimempa Marhoon, na wewe usimame harusini kama ndugu. Haki yangu, iliyokuwako kabla hajazaliwa huyo binti, akaifuta baina ya tende na kahawa. Kwa mgeni aliyekuja na mama yake na chupa ya mafuta." Akaitupa kokoto. "Nilijua njia anayopita kwenda msikitini. Nilipiga nikashukia upande wa mitende. Marhoon alikuja mwenyewe. Mimi sikumwita."

"Na Jumatatu ukakaa mbele yangu ukadai roho yake."

"Ilikuwa haki yangu pia," alisema Zahran, na ilionekana kuwa aliamini.

Pingu zilifunguliwa miguuni mwa Marhoon, zikatiwa miguuni mwa Zahran. Hamdiya alimshika mwanawe kichwani, mabegani, mikononi, kama anayehesabu kama vyote vimerudi.

Kadhi alimwita Harub kando. "Muuaji harithi, wala hawi walii wa damu ya aliyemuua. Zahran ametoka katika haki hiyo. Yaarub hana ndugu mwingine wa kiume. Haki ya kisasi sasa ni ya wale wanawake wawili. Mjane amesema analifuata neno la bintiye. Nenda ukamuulize."

Harub alikwenda peke yake, akasimama nje ya pazia lile lile. Alianza na habari ya Marhoon, kwamba yu huru. Alisikia pumzi ikitolewa nyuma ya pazia. Kisha akamwambia ya Zahran, kila neno, hata zile tende.

"Na sasa wanataka nini kwangu?" aliuliza Nasriya.

"Useme kama afe au asamehewe."

 Ndani, Mahfoudha alikuwa akikunja vitambaa vipya na kuvirudisha sandukuni. Kifuniko kilisikika kikishuka.

"Tangu nizaliwe," alisema Nasriya, "wanaume wa nyumba hii wamekuwa wakinambia ni nani mwenye haki juu yangu. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa, na ninaulizwa hili." Alipumua. "Waambie wamweke ngomeni. Mama akitoka edani, nitajibu. Na Marhoon mwambie asije mlangoni mpaka siku hiyo. Sitaki mtu aseme nilijibu kwa ajili yake."

"Nitamwambia, binti yangu."

"Na wewe, ami Harub, ungesema nini?"

Harub alikuwa amewahi kuwapeleka watu kwenye kitanzi, kule kwao. Aliwakumbuka kwa majina.

"Mimi," alisema, "namshukuru Mungu hawakuniuliza."